Ana kiti na mshahara, ila kazi hana

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku huu mdogo wangu akiwa amelala, maana akijua nimemtangaza kwa watu atanuna wiki nzima. Nimwite Sudi, ingawa si jina lake. Ana miaka 26. Amezaliwa na ulemavu wa akili. Majina na namba anasoma, kujumlisha anajumlisha taratibu, lakini maelezo marefu yanampotea njiani. Ukimwagiza mambo matatu kwa mkupuo, atafanya la kwanza, kisha atasimama. Ila si mtoto, na hapendi kabisa kuongeleshwa kama mtoto.

Wazazi wetu wametangulia, nimebaki naye mimi. Miaka minne nimezunguka naye ofisi kwa ofisi, cheti chake cha mafunzo kwenye bahasha. Kila mahali ni "tutakupigia". Wengine waliniambia mimi, yeye akiwa amesimama hapo hapo, kwamba kazi zao zinataka watu wepesi. Mwaka jana mtu akatuunganisha na kampuni moja kubwa iliyokuwa ikitafuta wafanyakazi wenye ulemavu ili itimize idadi inayotakiwa na sheria. Wakamchukua. Mkataba, mshahara, kitambulisho cha kuvaa shingoni. Nililia kwa furaha.

Sasa amegoma. Anaamka, anaoga, anavaa hadi viatu, halafu anakaa ukingoni mwa kitanda na hatoki. Mwezi uliopita amekosa siku tisa. Nikamuuliza kama kuna anayemwonea, akatikisa kichwa. Ikabidi niende kazini kwake bila kumwambia mtu.

Shangazi, nilimkuta kwenye kiti kando ya mlango wa mapokezi. Nikauliza kazi yake hasa ni ipi, dada wa mapokezi akasema, "Anafungulia wageni." Mlango wenyewe ni wa vioo, ule wa kujifungua ukiukaribia. Nilikaa pale karibu saa nzima. Waliingia watu kumi na kitu, hakuna hata mmoja aliyemtazama. Kuna wakati aliinuka akaanza kupanga magazeti yaliyotawanyika mezani. Yule dada, kwa upole kabisa, akamwambia, "Sudi, kaa tu upumzike."

Nyumbani ni mtu mwingine. Hakuna redio mbovu wala feni iliyokufa ambayo hajaifungua. Skrubu zote anazipanga kwenye vifuniko vya makopo, kwanza kwa urefu, kisha kwa kichwa: zenye mfuo mmoja huku, zenye msalaba kule. Siku moja nilichukua moja nikakazia mguu wa meza. Aliporudi alisimama juu ya vile vifuniko kitambo kidogo, akasema, "Moja haipo." Sikuwa nimemwambia kitu, na hapo pana skrubu mamia.

Mjomba anasema Sudi anadeka. Wenye digrii hawana ajira, yeye analipwa kwa kukaa na bado anakataa. Sikufichi, kuna siku nami nafikiri hivyo hivyo, maana mshahara wake unasaidia kodi ya nyumba. Nimlazimishe arudi? Nikimtoa nitampeleka wapi, na nimwombee vipi kazi bila kuonekana ombaomba? Kuna jirani amenielekeza kituo ambako watu wenye ulemavu wanafanya kazi za mikono pamoja na kupewa posho. Na Jumanne ijayo meneja ameniita nikaeleze utoro wake. Nimechoka, Shangazi.

Dada wa Sudi

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye mlango unaojifungua. Kampuni imemkalisha mtu mzima kando ya mlango usiohitaji mtu, ikamvika kitambulisho, ikamwambia apumzike. Hesabu zinamchelewesha Sudi, sawa, lakini hii ameipiga upesi kuliko sisi wote. Hakuna anachofanya pale, na anajua. Alipoinuka kupanga magazeti alikuwa anajitafutia kazi mwenyewe, wakamrudisha kitini.

Kwa hiyo hadeki. Mwambie mjomba, kwa heshima zake zote, akakae kwenye kiti kile siku tatu, asubuhi mpaka jioni, bila simu, kisha arudi atusimulie. Jiulize pia: zile siku tisa ambazo Sudi hakwenda, ni kitu gani kilikwama? Kama hakuna mzigo uliolala, hakuna faili lililochelewa, wala hakuna mwenzake aliyeuliza "Sudi yuko wapi leo?", basi pale analipwa ahesabiwe tu. Kazi inaweza kuwa ngumu, chafu, ya kujirudia, na bado mtu akaipenda, mradi anajua asipofika kuna atakayehangaika.

Hata hivyo, usimtoe. Sio sasa. Ule mshahara ni halali yake na kodi ya nyumba haisubiri mtu apate furaha. Tena mkataba mkononi unakupa pa kusimamia: aliye ndani anaomba kubadilishiwa kazi, aliye nje anaomba hata kusikilizwa tu.

Wala hiyo "idadi ya sheria" isikutie aibu. Nchi nyingi zina utaratibu huo. Ujerumani, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi hutakiwa kuwa na asilimia 5 ya wenye ulemavu mkubwa, asipotimiza analipa tozo. Ufaransa ni asilimia 6. Sheria za namna hiyo zimewaingiza kazini watu ambao huruma ya waajiri isingewaingiza hata ipite miaka mia. Kasoro yake umeiona mwenyewe: inahesabu vichwa, haiulizi mikono inafanya nini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, haukuishia kwenye kuhesabu. Ibara yake ya 27 inataja haki ya kujipatia riziki kwa kazi ambayo mtu ameichagua au ameikubali kwa hiari yake.

Ameichagua. Sasa nikuulize, na usikasirike: kuna mtu aliyewahi kumuuliza Sudi anataka kazi gani? Katika barua yako yote anatikisa kichwa, anakaa kitandani, anaongelewa na wenye ofisi, na mjomba, na wewe. Maneno yaliyotoka kinywani mwake ni mawili tu: "Moja haipo."

Ni maneno mazuri hayo. Tuanzie hapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na mwalimu na mtafiti wa Marekani, Marc Gold, aliyekuwa akienda kwenye zile karakana maalumu ambamo watu wenye ulemavu mkubwa wa akili walipewa vibarua vya kusogeza siku. Akawawekea mezani breki ya baiskeli iliyofumuliwa, vipande 15, akawafundisha kuiunganisha. Alichofanya ni kuivunja kazi hatua moja moja, kuweka vipande kwa mfuatano wake, na kufunga domo. Mtu akikosea hakumwambia "sivyo", alimwambia ajaribu namna nyingine. Wakajifunza, hao hao ambao mafaili yao yalisema hawafundishiki. Ndipo watu wa fani hiyo wakaanza kukubali kwamba mwanafunzi akishindwa, wa kwanza kukaguliwa ni ufundishaji.

Rudi sasa kwa Sudi anayefanya la kwanza kisha anasimama. Hajasahau, mwanangu. Umempa matatu.

Kwa wiki mbili hizi nataka umtazame kama mtu asiyemjua, uandike. Usiandike "anapenda skrubu", hiyo haikufikishi popote. Andika mazingira. Anakaa na jambo moja muda gani kabla hajachoka? Anataka ukimya au redio iwe inasema? Akikatizwa anarudi alipoishia, au anaanza upya? Anajuaje kwamba amemaliza? Kwa haya machache uliyonieleza tayari naona mtu anayefanya kazi kwa mikono, peke yake, kwenye kitu chenye mwanzo na mwisho vinavyoonekana, mwenye jicho la kugundua kilichopungua. Jicho hilo linauzika. Stoo ya spea inalihitaji, karakana inalihitaji, kiwanda kinachofunga samani za kuunganisha pamoja na pakiti ya skrubu zake kinalihitaji kuliko vyote, maana pakiti ikikosa skrubu moja mteja anarudisha kabati zima. Hospitali nazo huhesabu vifaa vya upasuaji kimoja kimoja kabla ya kuvifunga seti na kuviua vijidudu.

Ila mchezo wa mtu si lazima ndio uwe kazi yake. Niliwahi kumhangaikia binti mmoja kiziwi aliyependa nguo mno. Nikamsakia nafasi kwa fundi cherehani, nikajiona nimemaliza. Wiki ya pili akaja na karatasi ameandika: napenda kuvaa, sipendi kushona. Nilikuwa sijamuuliza. Kwa hiyo muulize Sudi, na usimuulize "unataka kazi gani?", swali hilo hata wenye digrii linawatoa jasho. Nendeni mkaone. Karakana moja leo, stoo moja wiki ijayo, mkaombe kutazama tu. Halafu angalia wapi anasogea karibu na wapi anaangalia saa.

Sasa hilo la kuonekana ombaomba. Miaka minne umekuwa ukiingia na bahasha na kuuliza "mna nafasi?", na jibu la swali hilo kwa mtu yeyote huwa hapana. Nafasi zilizotangazwa zimeandikwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo: msomi, mchangamfu, anayejua kompyuta na kupokea simu na kufanya mambo matano kwa pamoja. Sudi hawezi yote matano. Anaweza moja, pengine vizuri kuliko waliopo. Kwa hiyo acha kuulizia nafasi, ulizia kinachowachelewesha. Mkiwa pale karakana, tazama fundi mkuu anafanya nini asubuhi. Mara nyingi utamkuta ameinama kwenye debe la skrubu mchanganyiko anatafuta moja ya kulingana, mteja anasubiri. Hapo ndipo pa kuongea na bosi: "Fundi wako unamlipa kutengeneza, naona muda unaishia kwenye debe. Mdogo wangu huyu hapa kazi hiyo anaiweza. Mpe siku tano, mlipe siku tano, umtazame." Kazi inakatwa kipande kutoka kwenye rundo lililopo, na kipande hicho kina thamani kwa mwenye mali. Hapo unafanya biashara. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3 duniani wana ulemavu mkubwa, mtu mmoja katika kila sita. Huyo bosi ana mmoja kwao pia, hata kama hamtaji.

Kwenye "mlipe" nakaza. Majaribio yasiyo na malipo wala tarehe ya mwisho ni utumwa uliovaa tai. Nimeona vijana "wanaojifunza" kubeba maboksi mwaka wa pili.

Akishachukuliwa, afundishwe hapo hapo kazini, kwenye meza yake na debe lile lile. Zamani mtu alisomeshwa miaka kwenye chuo maalumu mpaka "awe tayari", na wengi walizeeka wakijiandaa. Tangu miaka ya 1980 utaratibu uligeuzwa: muweke kwanza kazini, mfundishe akiwa humo. Msaidizi anakuwa naye bega kwa bega siku za mwanzo, kisha anapunguza, siku nzima, nusu siku, mara moja kwa wiki, hadi kupiga simu tu. Kama kwenu kuna shirika linalotoa wasaidizi wa namna hiyo, litafute. Kama hakuna, mpate mfanyakazi mwenzake mmoja mwenye subira. Wewe usiwe huyo msaidizi, tafadhali. Ukisimama nyuma yake kazini, wenzake watamwona mdogo wa fulani mpaka anastaafu.

Vifaa vya kumsaidia havina gharama ya kutisha. Piga picha za hatua za kazi, moja kila ukurasa, zikae mezani kwa mfuatano. Agizo moja kwa wakati. Kifuniko cheupe cha vilivyokamilika, chekundu cha vyenye kasoro. Marekani kuna huduma iitwayo Job Accommodation Network, inashauri waajiri juu ya marekebisho kama haya tangu mwaka 1983, na waajiri wanaoulizwa humo wamekuwa wakijibu miaka nenda rudi kwamba karibu nusu ya marekebisho, wakati mwingine zaidi, hayakuwagharimu hata senti. Meneja akikuambia "hatuna bajeti", muulize bajeti ya nini.

Kuhusu kituo cha jirani yako nitakuwa na upande, unisamehe. Vipo vinavyoendeshwa na watu wema, na kwa mtu aliyefungiwa ndani miaka kumi hata kutoka tu ni neema. Lakini mwaka 2022 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule Mkataba ilisema wazi kwamba kuwatenga wenye ulemavu kwenye karakana zao peke yao kwa malipo pungufu sio haki ya kazi inayokusudiwa. Nenda ukaulize mambo mawili. Vitu vinavyotengenezwa vinauzwa bei gani na aliyevitengeneza anapata kiasi gani? Na mwaka jana wangapi walitoka hapo wakaenda kuajiriwa kwingine? Ukijibiwa kwa tabasamu bila namba, aga kwa adabu.

Tubaki na Jumanne. Usiende kueleza utoro. Nenda na Sudi, na mkubaliane naye usiku wa kuamkia, bila haraka, kuhusu jambo moja tu atakalolisema yeye. Lisiwe refu. "Sitaki mlango. Nataka stoo." Au chochote atakachochagua, hata kama wewe ungechagua kingine. Abebe vifuniko vyake viwili vitatu kwenye mfuko.

Kampuni kubwa haikosi stoo, haikosi vifaa vya kuhesabiwa, haikosi chumba ambacho kila mtu anaingia akisonya kwa sababu hapati anachotafuta. Muombe meneja awapitishe humo dakika kumi. Ombi lenu liandikwe: kubadilishiwa kazi ndani ya mkataba ule ule, mshahara ule ule, kwa majaribio ya mwezi mmoja, na jina la mtu atakayemfundisha. Ondokeni na nakala yenye tarehe.

Mkiingia ofisini, Sudi akae kwenye kiti kinachotazamana na meneja. Wewe kaa pembeni, nyuma kidogo. Meneja atakugeukia wewe, nakuhakikishia, atakuuliza, "Kwa hiyo anasemaje?" Usijibu. Mgeukie Sudi, halafu subiri. Kimya kitakuwa kirefu, na utatamani kukijaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, na ukifika kumi anza tena moja.